Mbuzi au kondoo? Jinsi maabara inavyosoma protini ya kilemba

SWALI: Assalaam alaykum. Nina duka la vilemba hapa Matrah, Maskati. Msimu uliopita nilipokea mzigo wa masari, yaani vilemba vya Kiomani, kutoka India, pamoja na karatasi ya maabara iliyosema "kashmiri asilimia 100", kipimo cha hadubini. Mimi mwenyewe nilichoma uzi nikasikia harufu ya nywele, nikakipitisha kitambaa kwenye pete kikapita. Sasa mteja wangu mmoja amepeleka kilemba chake kupimwa Ulaya kwa njia ya protini, na jibu limerudi: mbuzi asilimia 68, kondoo asilimia 32. Nani mkweli? Na protini inamjuaje mnyama, ilhali nywele zote ni nywele? Nina vilemba vingine vya mzigo uleule dukani, sijui niviuze kwa jina gani.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu, na pole kwa mtihani huo.

Kuhusu sufu ya kondoo kuwamo ndani ya kilemba kile, naiamini karatasi ya Ulaya. Sufu iliyofanyiwa kazi kiwandani huweza kuipoteza hadubini, lakini protini yake ni vigumu sana kuificha. Nina tahadhari mbili tu. Ya kwanza, ile 32 haikutoka kwenye mizani. Ni makadirio, na nitakueleza yanavyopatikana. Ya pili ndiyo inayokugusa zaidi wewe muuzaji, na wafanyabiashara wengi hawaambiwi: kipimo kile kimesema mbuzi, hakikusema kashmiri, yaani manyoya yake laini ya chini.

Nianzie dukani kwako, kwenye kiberiti na pete. Unywele wa mnyama yeyote, awe mbuzi, kondoo, ngamia au binadamu, umejengwa kwa keratini, protini yenye salfa nyingi. Salfa hiyo ndiyo inayoishikanisha minyororo ya protini hata unywele ukawa mgumu, na ndiyo inayonuka moto ukiugusa. Kwa hiyo harufu uliyoisikia ilikwambia kwamba ndani ya uzi mna nywele za mnyama. Haikukwambia mnyama gani, wala haikukwambia kama mna nywele tupu, kwani uzi uliochanganywa na nyuzi za kutengenezwa kiwandani kama akriliki au viskosi nao hunuka vilevile ikiwa nywele ni nyingi. Pete nayo hupima wepesi wa kitambaa na ulegevu wa mfumo wake. Shali ya viskosi nyepesi inayouzwa kwa bei ya chai hupita kwenye pete bila taabu. Vipimo hivi viwili viachie mazungumzo ya dukani. Usivitegemee kwenye mkataba.

Hadubini ni jambo jingine, na sipendi kuisikia ikibezwa. Unywele ukikuzwa sana unaonekana umefunikwa na magamba yaliyopandiana kutoka shinani kwenda nchani. Ya kondoo huwa na ukingo mnene, kwa kawaida zaidi ya mikromita 0.6 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na yamesongamana. Ya mbuzi wa kashmiri ni membamba, mara nyingi chini ya 0.5, na yameachana. Mtaalamu hutandaza nywele mamia kwa mamia, akazitazama mmojammoja, akaamua huu wa mbuzi na huu wa kondoo, akapima na unene wake, kisha kwa idadi na unene akapiga hesabu ya asilimia. Utaratibu huu una kiwango chake cha kimataifa, ISO 17751, sehemu moja kwa hadubini ya mwanga na nyingine kwa hadubini ya elektroni. Mtaalamu aliyekomaa anafanya kazi nzuri sana kwa njia hii, hasa kwa manyoya mabichi ambayo hayajapita kiwandani.

Tatizo linaanza kiwandani. Sufu ya kondoo hutiwa dawa za klorini ili isijikunje na kugandamana ikifuliwa kwa mashine. Dawa hiyo huyala magamba au kuyalainisha, na magamba ndiyo aliyokuwa akiyatazama mtaalamu wetu. Kuna pia sufu inayovutwa ikiwa na unyevu na joto mpaka ikarefuka na kukonda. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, lilibuni teknolojia ya namna hiyo, na unywele hupungua unene kwa mikromita 3 hadi 4. Sufu ya kondoo wa merino ya mikromita 19 ikipungua hivyo, inaingia moja kwa moja kwenye unene wa kashmiri. Na kuna manyoya ya yaki, yule ng'ombe wa milima ya Tibet na Mongolia. Manyoya yake ya chini ni laini kweli, na magamba yake yanakaribia sana ya kashmiri. Kinachomfichua ni rangi yake ya kahawia, na rangi huondolewa kwa dawa. Juu ya yote, magamba ya kondoo mmoja hayalingani na ya mwingine, hata kwenye mwili wa mnyama mmoja hayafanani. Ndiyo maana wataalamu wawili waaminifu wakitazama nywele zilezile wanaweza kutoa asilimia mbili tofauti.

Sasa protini. Umeuliza inamjuaje mnyama, nalo ni swali la msingi kabisa, kwa sababu keratini ya mbuzi na ya kondoo zinafanana karibu kila mahali. Wanyama hawa ni jamaa wa karibu. Tofauti zao zimebaki sehemu chache tu za mnyororo, na kazi yote ya maabara ni kuzifikia sehemu hizo chache.

Chukua mfano wa tasbihi ndefu yenye punje za aina 20. Protini imejengwa hivyo: aina 20 za asidi amino zimetungwa kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo mnyama huurithi kwa wazazi wake. Tuseme tuna mkasi usiokata popote isipokuwa baada ya punje za aina mbili tu. Tasbihi ileile, kila utakapoikata kwa mkasi huo, itatoa vipande vilevile. Tasbihi iliyobadilishwa punje moja katikati itatoa vipande vyote sawa na vya mwanzo, ila kimoja kitakuwa na uzito tofauti. Hicho kimoja ndicho tunachokitafuta.

Mkasi wetu ni tripsini, kimeng'enya ambacho hata mwili wako hukitumia kumeng'enya nyama tumboni. Hukata baada ya asidi amino mbili, lisini na arginini, basi. Kabla ya kufika hapo unywele huoshwa mafuta na vumbi, hukatwakatwa vipande vidogo mno, kisha huloweshwa kwenye maji ya urea iliyokolea pamoja na dawa ya kufungua vile viungo vya salfa. Keratini haiyeyuki hivihivi. Mnyama ameivaa mvuani na juani maisha yake yote. Dawa ya pili hutiwa ili salfa zilizofunguka zisishikane tena. Ndipo tripsini huingia, na huachwa ifanye kazi usiku kucha katika nyuzi 37, joto la mwili. Asubuhi kinachobaki ni mchanganyiko wa vipande vifupi vya protini, viitwavyo peptidi.

Vipande hivyo hupimwa uzito kwa spektromita ya tungamo. Kuna njia mbili zinazotumika sana, na zote zimeandikiwa kiwango kimoja cha mwaka 2018, ISO 20418, kila moja na sehemu yake. Katika njia moja, peptidi hupitishwa kwanza ndani ya mrija mwembamba unaozitenganisha, halafu huingia kwenye mashine zikifuatana. Katika nyingine hukaushwa juu ya bamba la chuma pamoja na kemikali inayofyonza mwanga, hupigwa mwale wa leza, zikaruka ndani ya bomba lisilo na hewa. Nyepesi hufika mwisho wa bomba mapema, nzito huchelewa, na muda wa safari ndio unaotoa uzito. Jibu linakuja kama mchoro wa vilele vingi, kila kilele uzito wake.

Uzito huo una maana gani? Glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, ikiwa ndani ya mnyororo ina uzito wa 57 kwa kipimo cha molekuli, alanini ina 71, serini 87. Ikiwa mahali fulani mbuzi ana alanini na kondoo ana glisini, kipande cha mbuzi kitazidi kwa 14. Kipande kizima kinaweza kuwa na uzito wa 2,000 na zaidi, lakini mashine hizi hutambua tofauti ya chini ya 1, kwa hiyo 14 ni pengo kubwa kwao. Zipo jozi zisizotofautika kwa njia hii: lusini na isolusini zote ni 113, hutazitenga kwa uzito. Na kitambaa kikizeeka au kikipikwa kwenye maji yenye magadi, baadhi ya asidi amino hubadilika na kuongeza uzito wa karibu 1. Maabara makini hujua hayo, na hairuki kumtaja mnyama kwa kilele kimoja. Hutafuta alama kadhaa za mbuzi na kadhaa za kondoo, na zote zikubaliane.

Utaona sasa kwa nini ujanja wa kiwandani haufui dafu hapa. Klorini inakula magamba ya juu, lakini sehemu kubwa ya unywele ni kiini kilicho chini ya magamba, nacho kimebaki. Kuvuta sufu kunabadilisha umbo la minyororo ya protini, hakubadilishi mpangilio wa asidi amino. Kuondoa rangi kunaharibu baadhi ya asidi amino, hasa zile zenye salfa, na kunapunguza alama zinazosomeka, ila peptidi nyingi hubaki salama. Watu huuliza kwa nini tusitumie DNA, nayo ina kiwango chake, ISO 18074 cha mwaka 2015. Kwa manyoya mabichi ni njia nzuri. Lakini ndani ya unywele uliokwisha kukomaa DNA ni kidogo tangu mwanzo, na dawa za kuondoa rangi, moto na rangi mpya huimaliza haraka. Keratini ndiyo unywele wenyewe. Unywele ukiwepo, nayo ipo.

Mfano unaonipendeza sana unatoka mbali na biashara yako. Wasalish wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, walikuwa na mbwa mweupe wa manyoya mengi ambaye sasa hayupo tena, na wazee wao walisimulia kwamba mababu walifuma mablanketi kwa manyoya ya mbwa huyo. Wataalamu wa makumbusho walibishana kwa miaka mingi, kwani kwa hadubini nywele zilizozeeka zilikuwa ngumu kuamuliwa. Mwaka 2011 Caroline Solazzo na wenzake walichapisha matokeo ya protini ya mablanketi ya Kisalish yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Nywele za mbwa zilikuwamo kweli katika baadhi yake, ila zimechanganywa na za mbuzi wa milimani, hakuna blanketi la mbwa mtupu. Katika yaliyofumwa baadaye walikuta sufu ya kondoo iliyoletwa na biashara. Kauli ya wazee ilithibitika, ikapata na ufafanuzi, kutoka kwenye vipande vidogo vya uzi vilivyokaa zaidi ya karne.

Turudi Matrah, kwenye lile nililokuahidi. Protini inamtambua mnyama. Neno "kashmiri" halimtaji mnyama peke yake. Linataja pia sehemu ya manyoya yake na unene wake. Kashmiri ni manyoya ya chini, yale laini yanayomkinga mbuzi na baridi na ambayo huchanwa majira ya kuchipua yanapoanza kupukutika. Mbuzi wa uwanda wa Changthang huko Ladakh, kaskazini mwa India, anayelishwa juu ya mita 4,000, hutoa manyoya ya mikromita 12 hadi 15 hivi, na ndiye chimbuko la pashmina ya Kashmir inayofumwa vilemba bora vya Oman. Mbuzi huyohuyo ana singa za juu, nene na ngumu. Keratini ya singa itasema "mbuzi" vilevile. Na yuko mbuzi wa Angora, mwenye manyoya marefu yanayong'aa yanayoitwa moheri. Naye ni spishi ileile ya mbuzi wa kufugwa, na peptidi zake haziwezi kumtenga na mbuzi wa kashmiri. Kwa hiyo ile 68 ya mbuzi kwenye karatasi ya mteja wako inaweza kuwa kashmiri safi, inaweza kuwa kashmiri yenye singa, inaweza hata kuwa na moheri ndani yake.

Anayeweza kuamua hapo ni hadubini, kwa kupima unene. Sheria ya Marekani ya lebo za bidhaa za sufu, ya mwaka 1939 na iliyoongezewa ufafanuzi wa kashmiri mwaka 2006, inataka wastani wa unene usizidi mikromita 19, na nywele zinazozidi mikromita 30 zisiwe zaidi ya asilimia 3 ya uzito. India nayo tangu 2008 inalilinda jina "Kashmir Pashmina" kama bidhaa ya mahali maalumu: manyoya yasiyozidi mikromita 16, yasokotwe kwa mkono na kufumwa kwa mkono. Lakini neno "pashmina" peke yake, bila ulinzi huo, limekuwa jina la kila shali sokoni. Marekani hailitambui hata kidogo kama jina la nyuzi kwenye lebo. Ukipewa ankara imeandikwa "pashmina" tu, ujue hujaambiwa chochote kuhusu kilichomo. Wenye lawama hapo ni wauzaji wa jumla, wanaolijua jambo hili vizuri na kuliacha hivyo kwa makusudi, na wanaoumia ni wachungaji wa Ladakh na wasokotaji wa Srinagar, mji wa Kashmir, ambao kazi yao ya mikono inalinganishwa bei na sufu ya mashine.

Kuna na mengine ambayo protini haiyaoni. Yaki na ng'ombe wa kawaida keratini zao zimekaribiana kiasi kwamba maabara nyingi zitaandika "yaki" kwa kuwa hakuna anayetarajia manyoya ya ng'ombe kwenye shali; mantiki hiyo naikubali, mradi ijulikane kuwa ni mantiki. Pamba, viskosi, akriliki na nailoni si nywele, havina keratini, hivyo havionekani kabisa. Nalisisitiza hili la nailoni kwa sababu wapo wanaoichanganya na pashmina ili uzi uhimili mashine ya kusokota, kisha huiyeyusha kwa asidi, na si yote inayotoka. Ile "68 na 32" inajumlika 100 kwa kuwa ni mgawanyo wa nywele za wanyama peke yake. Kama kilemba kina theluthi ya viskosi, karatasi ileile ingeandika namba zilezile. Kulijua hilo kunahitaji kipimo cha kuyeyusha: kitambaa hupimwa uzito, huwekwa kwenye hipokloriti, dawa ile ya kung'arishia nguo, ambayo inaziyeyusha nywele na hariri, na kinachobaki hupimwa tena. Ni kipimo cha zamani, rahisi, na maabara yoyote ya nguo inakifanya.

Na tarizi! Masari ina tarizi ukingoni, mara nyingi kwa nyuzi za aina nyingine na kutoka mahali pengine. Sampuli ikikatwa pembeni pamoja na tarizi, unaweza kupimiwa uzi wa mapambo ukadhani ni kitambaa. Muulize mteja wako alikata wapi.

Kuhusu namba yenyewe. Maabara hutengeneza michanganyiko inayoijua, tuseme mbuzi 90 na kondoo 10, 70 na 30, na kuendelea, huipima yote, na kuchora uhusiano wa ukubwa wa alama za kondoo na kiasi chake halisi. Kisha kilemba chako hulinganishwa na mchoro huo. Udhaifu uko mahali pawili. Sufu iliyotiwa klorini na isiyotiwa hazitoi protini kwa wepesi mmoja, na michanganyiko ya mfano mara nyingi hutengenezwa kwa manyoya safi. Halafu kuna sampuli: kipimo cha leza kinatosheka na miligramu chache, na miligramu chache za kilemba zinaweza kuwa uzi mmoja wa mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana wa kitambaa. Kama mtande, zile nyuzi za urefu, ni kashmiri na mshindio umechanganywa, jibu linategemea ulichochomoa. Kwa hiyo ukiona "32" bila kuandikwa kando yake inaweza kupanda au kushuka kwa kiasi gani, waandikie waliopima uwaulize.

Hata hivyo, usijifariji kwamba kondoo huyo kaingia kwa bahati mbaya. Viwanda vinavyosokota sufu na kashmiri kwenye mashine zilezile huacha mabaki, hilo linajulikana, na sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1007 ya 2011 inavumilia asilimia 2 ya nyuzi ngeni zisizokwepeka, au 5 kwa nguo ambazo manyoya yake huchanwa kwa mashine ya meno (carding). Karibu theluthi nzima haitoki kwenye mabaki ya mashine. Kuna mtu aliimwaga.

Basi imekuwaje karatasi ya kwanza ikasema 100? Kabla ya kuwalaumu waliotazama hadubini, isome upya karatasi hiyo. Karibu kila cheti cha namna hii kina mstari unaosema matokeo yanahusu sampuli iliyowasilishwa tu. Nani aliiwasilisha? Muuzaji. Ilikatwa kwenye mzigo wako, au kwenye kitambaa kingine alichokichagua yeye? Kuna namba ya mzigo? Tarehe ya kipimo ni kabla au baada ya vilemba vyako kufumwa? Naona mara kwa mara cheti kimoja kikisafiri na mizigo mingi. Inawezekana kabisa maabara zote mbili zilisema kweli, kila moja juu ya kitambaa chake.

Ndugu yangu, hatua ya kwanza ni kuvitoa vilemba vya mzigo ule kwenye rafu yenye jina la kashmiri safi. Uza vya mizigo mingine. Kisha chukua kilemba kimoja au viwili ambavyo havijafunguliwa, uvitoe kafara kwa maabara vikiwa vizima, usikate wewe. Ukilazimika kukata, vaa glavu, kwani ngozi yetu nayo ni keratini na hujitokeza kwenye mchoro. Agiza vipimo vitatu kwa pamoja: kuyeyusha, ili ujue nyuzi zisizo nywele ni kiasi gani, protini, mtande mbali na mshindio mbali, na hadubini kwa ajili ya unene. Uliza kama wana vibali vya ISO 17025, kiwango cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hicho hasa, maana maabara inaweza kuwa na kibali cha kupima rangi isiwe nacho cha protini. Uliza pia kama orodha yao ya marejeo ina yaki na ngamia, kwa sababu mashine humtaja tu mnyama anayejulikana kwenye orodha. Gharama itauma, lakini gawanya kwa idadi ya vilemba ulivyonavyo kabla hujakata tamaa.

Na kama mtu atakuletea shali anayoiita shahtoosh, laini kupita zote, mikromita 10 au 11, usiiguse. Hayo ni manyoya ya chiru, paa wa Tibet, ambaye hafugwi wala hachanwi. Huuawa, watatu hadi watano kwa shali moja. Tangu 1979 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa ni marufuku. Forodha kwa kawaida humtambua kwa hadubini, kwa zile singa chache za juu ambazo hazikosi kubaki ndani ya mfumo, na protini huja kuthibitisha. Jina zuri la duka halitakusaidia hapo.

Matokeo yakirudi na kondoo bado yumo, vilemba hivyo si haramu kuviuza. Sufu nyembamba na manyoya ya mbuzi hutoa kilemba kizuri chenye kushika mkunjo. Viandikie "mchanganyiko wa manyoya ya mbuzi na sufu ya kondoo", uvipunguzie bei, na yule mteja mrudishie tofauti yake, maana ameingia gharama ya kupima kitu ambacho ilikuwa kazi yenu wauzaji kukipima. Kwa muuzaji wa India usipeleke malalamiko. Peleka karatasi tatu na namba ya ankara, ukitaja kwamba sampuli ilitoka kwenye kilemba kilichokuwa kimefungwa. Oda ijayo, andika kwenye mkataba mnyama, wastani wa unene, asilimia inayovumiliwa ya nyuzi ngeni, na kwamba sampuli itachukuliwa na mtu wako bandarini baada ya mzigo kufika, nusu yake ikapimwe na nusu ifungwe, itiwe saini na pande zote mbili na ihifadhiwe mpaka malipo ya mwisho.